Mafuta ya Mkia wa Kondoo

Tusidanganyane: Marieta wa Gitting alikuwa na wivu. Hakuwa mchawi wala mwizi. Kanisani alifika kabla ya kengele ya pili, na jirani akifiwa yeye ndiye aliyetangulia kubeba kuni. Lakini wivu alikuwa nao, tena kwa mtu mmoja tu duniani, mdogo wake Bernadina, ambaye waliachiana ziwa.

Wivu wenyewe ulianzia kwenye mwili. Marieta alizaliwa mwembamba, akakua mwembamba, akazaa watoto wanne na kubaki vilevile, mifupa ya mabega imesimama kama anayejiandaa kuulizwa swali. Bernadina alizaliwa na mashavu. Watu waliomtembelea baba yao, mzee Akonaay, walimbeba Bernadina. Marieta walimtuma maji.

Na Mungu ana utani wake, maana kazi iliyompa Marieta jina ilikuwa kuwanenepesha wenzake. Huku kwetu mlimani mwanamke akijifungua hukaa ndani wiki nyingi. Hachoti maji, hashiki jembe, kazi yake ni kunyonyesha na kula. Huletewa maziwa, siagi, na juu ya vyote mafuta ya mkia wa kondoo. Wengi huyakaanga kwa pupa, moto mkali, yakatoka ya kahawia na kunuka zizi. Marieta aliukata mkia vipande vidogo kama maharage, akavitia kwenye sufuria nzito juu ya makaa yaliyokwisha kuchoka, akakaa hapo nusu siku bila kuinuka. Alipoyachuja na yakaganda, yalikuwa meupe na hayanuki chochote. Waliagiza kutoka Masakta, waliagiza kutoka Mogitu. Wazazi waliingia ndani wamekauka, wakatoka wanang'aa, na yeye aliyeyakaanga akabaki mpini wa jembe.

Sasa sikiliza alivyojeruhiwa. Theodory alikuwa dereva kwenye mashamba makubwa ya ngano ya serikali. Mashamba yalipoyumba na biashara ikaachwa huria kila mtu ajitafutie, akanunua lori kuukuu akaanza kubeba maharage na vitunguu saumu. Akatafuta mke. Wazee wake wakaja kwa mzee Akonaay na asali, kama ada inavyotaka. Marieta alikuwa na miaka ishirini na mbili, Bernadina kumi na minane. Nani asingejua zamu ni ya nani? Marieta aliwatengea maziwa, akarudi jikoni kuosha vibuyu, na ukuta wa jikoni ulikuwa wa fito. Akasikia mzee mmoja akisema, "Tumekuja kwa yule mwenye mwili." Hakudondosha kibuyu. Alikiosha mara tatu.

Mwaka uliofuata akaolewa na Patriki, mkulima wa viazi, mtu mpole asiyepiga wala kutukana, mwenye maneno machache mno hata kuku walimzoea. Marieta hakuwa na la kumlaumu, na hilo nalo lilimuudhi.

Bernadina akahamia Katesh, akamzaa Loveness. Mkoa wa Manyara ulipozaliwa na Babati ikawa makao makuu, serikali ikaanza kujenga, na anayejenga anahitaji saruji na bati, na saruji na bati havitembei kwa miguu. Lori la Theodory likawa Fuso, na Fuso likazaa jingine. Nyumba ya matofali, makochi, friji iliyojaa soda. Bernadina hakulima tena, hakubeba kuni tena. Alikula chipsi saa nne, pilau mchana, na jioni kuku wa kukaanga, na mwili ukaitika. Watu walisema, "Mwili umemkubali." Kanisani walisogea kumpa nafasi, na benchi zima likafurahi. Wakimgeukia Patriki walimtania, "Bwana wewe, mkeo humlishi?" Patriki alicheka tu, naye Marieta alihesabu kila jino la waliocheka.

Alikuwa na kamba nyembamba ya katani chini ya godoro. Bernadina akija kuwasalimia, Marieta alimkumbatia kwa mikono miwili, akakumbuka vidole vyake vimefika wapi, na mgeni akiondoka akaipima ile kamba na kufunga fundo jipya. Fundo lake mwenyewe lilibaki moja. Siku moja akaamua yaishe, akanywa vikombe viwili vya mafuta yake mwenyewe, ya moto. Aliharisha tangu Jumatatu mpaka Alhamisi, akapungua zaidi.

Kisha mwaka 2007, Bernadina akavaa viatu vipya vya harusi ya watu, kiatu kikamchubua kidole kikubwa cha mguu wa kushoto. Kidonda kidogo tu. Mwezi ukapita, wa pili ukapita, kidonda kipo na kinatoa maji. Kiu haikatiki, choo kila saa. Theodory alikuwa na mzigo wa kupeleka Babati, akampigia simu shemeji yake Marieta ampeleke hospitali. Wakaenda ya misheni, mbali, kule upande wa Mbulu.

Daktari alikuwa kijana wa hukohuko Mbulu, Daktari Gerald, karudi masomoni hata mwaka haujaisha, na alipenda kueleza kama mwalimu. Alimpima Bernadina sukari, akampima uzito, akamfunga kipimo cha presha, halafu akaketi.

"Mama zangu, sikilizeni. Mama Loveness, una kisukari. Lakini nataka uelewe kinakotoka, maana mambo yenyewe ni mapya, hata mimi nimeyasoma juzi. Mnajua yowe la ng'ombe?"

"Tunajua," wakajibu wote wawili. Nani huku kwetu Hanang asiyelijua? Ng'ombe wakiibwa, yowe linapigwa, na kila mwanamume anaacha alichoshika, anakimbia na mkuki.

"Basi. Mafuta ya mwilini si mzigo uliolala kama gunia. Ni nyumba zenye watu. Zimejaa chembechembe, na kila chembe inatunza mafuta yake. Katikati yao wanakaa askari wa mwili, wale wanaoua wadudu. Mtu wa kawaida, askari hao ni wachache, wapole, wanafagia takataka tu. Sasa mtu akila, akila, akila, kila chembe inavimba. Inabanwa, hewa haifiki vizuri, nyingine zinakufa. Zikifa zinapiga yowe."

"Na askari wanakuja," Bernadina akasema.

"Wanakuja wengi, kutoka kwenye damu. Wanaizunguka chembe iliyokufa kama watu msibani. Wanatafuta mwizi, hakuna mwizi. Wanatafuta mdudu, hakuna mdudu. Lakini hawarudi kwao, mama. Wamekaa na mikuki yao, wanapigana na hewa, wanamwaga sumu yao humo humo ndani. Ni moto mdogo, huuoni, hauna homa. Ile sumu inasambaa kwenye damu, inazuia mwili usitii ile dawa yake ya asili inayoingiza sukari mahali pake. Sukari inabaki njiani. Na sukari ikibaki njiani, kidonda hakiponi."

Marieta alikuwa amekaa kwenye kiti cha wasindikizaji na kikapu mapajani. Neno likampata kifuani. Miaka ishirini yeye naye alikaa na mkuki ndani ya nyumba isiyoibiwa chochote. Alilitazama neno hilo mara moja, akaona halipendezi, akaliacha.

"Wanaondokaje hao askari?" Bernadina aliuliza.

"Punguza mwili. Polepole. Acha soda, acha vya kukaanga, mafuta ya wanyama usiyaguse kabisa. Tembea. Meza dawa kila siku. Yowe likipungua, askari nao watapungua, sukari itashuka, kidole kitafunga. Usipopungua," akakitazama kile kidole, "tutakikata. Na kisu kikishaanza huwa hakipendi kuishia kwenye kidole."

Ndani ya basi, wakirudi, Bernadina alilia kidogo, kisha akamshika Marieta mkono. "Dada, nitapungua. Lakini unawajua watu wetu. Huku mtu akipungua anazikwa kabla hajafa. Wakikuuliza, wewe waambie ukweli, waambie ulikuwepo, ulimsikia daktari. Mimi nikijisemea wataona najitetea."

"Nitawaambia," Marieta alisema, na alikuwa na maana hiyo. Tena, aibu yake hii hapa, alikuwa na furaha. Mwili ule wote, miaka yote ile, kumbe ulikuwa ugonjwa! Alishuka basi mwepesi kama msichana, na usiku ule hakuitafuta kamba.

Bernadina akapungua kweli. Aliamka na kutembea kutoka Katesh mpaka njia panda na kurudi, na kilemba kichwani, na ukaidi wa mzee Akonaay ukaonekana miguuni mwake. Mboga, ugali kiasi cha ngumi, maharage bila mafuta. Miezi minne, na kidonda kikaanza kujifunga kutoka pembeni. Ungedhani hadithi inaishia hapo, kila mtu akaenda kulala.

Lakini Bernadina alipopungua alipendeza. Marieta hakuwa amelitarajia hilo hata kidogo. Shingo ilijitokeza, ndefu, ikatulia. Macho yakawa makubwa. Jumapili moja alifika Gitting na gauni la buluu lililomkaa kama lilishonewa kwa ajili yake kabla hajazaliwa, na Patriki, yule asiyesema, akasema, "Shemeji umekuwa msichana." Roho ya Marieta ikajikunja. Wembamba wake mwenyewe watu waliuita shida, waliuita kukosa chakula, na huyu kaupata kwa miezi minne tu, ukaitwa uzuri! Mnene alimshinda, mwembamba akamshinda. Sasa yeye abaki na nini?

Wiki ile ilikuwa ya mnada wa Katesh. Marieta alikwenda kununua mikia, na mikia akaipata. Kwenye meza ya mitumba alikuwa Helena, ambaye kwa Katesh nzima alikuwa gazeti na redio, na kwa jumuiya ya sala ya akina Bernadina alikuwa mtunza fedha. Helena alimvuta pembeni.

"Shikamoo, Mama Hermani."

"Marahaba."

"Mama, samahani, niulize tu, maana ugonjwa haufichwi. Mdogo wako ana nini? Anaisha! Watu wanasema huyu Theodory na safari zake za lori, leo Babati, kesho Singida… wanasema wamekanyaga waya, yaani ukimwi. Mimi nikasema hapana, ngoja nimuulize dada yake, yeye ndiye aliyempeleka hospitali."

Jibu lilikuwa neno moja. Sukari. Hata mtoto angelitamka. Helena angelibeba kabla ya jua kuzama mpaka nyumba ya mwisho ya mji, na Bernadina angetembea zake asubuhi kwa amani mpaka kidole kifunge. Marieta alijua hivyo. Alilitazama rundo la magauni, akaona la buluu, akaona ile shingo.

"Mimi sijui," alisema. "Muulize mwenyewe." Kisha akashusha pumzi ndefu, kichwa akakiinamisha, kama mtu anayejua sana.

Lile neno lilikuwa baya. Ile pumzi ilikuwa mbaya zaidi.

Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Ndivyo walivyosema, na wakalileta. Kwenye jumuiya kikombe alichonywea Bernadina kikaoshwa peke yake. Benchi la kanisani likawa na nafasi ya kutosha pande zote mbili. Mwanamke aliyekuwa akimsuka akasema mikono inamuuma. Theodory akahamia chumba cha wageni, akijitetea kwamba anaamka mapema. Marieta aliyasikia yote akiwa Gitting, moja baada ya jingine, na kila mara alisema moyoni, kesho nitashuka nikaseme. Kesho ikawa na viazi vya kuchimba. Keshokutwa ikawa na mvua.

Wiki ya tatu Bernadina akapanda yeye mwenyewe. Alimkuta dada yake jikoni, akavuta kigoda, akakaa karibu sana na moto.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba, mdogo wangu. Umekuja bila taarifa."

"Nimekuja kwa kazi yako. Nikaangie mafuta ya mkia. Mengi, kama ya mzazi. Nataka mwili wangu unirudie."

Marieta aligeuza kijiti mekoni. "Daktari je?"

"Daktari haishi Katesh."

Bernadina alimtazama dada yake usoni, hakupepesa, na Marieta akaona jicho lile linamsubiri. Akainuka kwenda kutafuta kuni, ingawa kuni zilikuwepo. Aliporudi akasema, "Mikia miwili ninayo. Jumamosi nitakuletea."

Aliyakaanga mafuta yale vizuri kuliko yote aliyowahi kukaanga. Siku nzima mekoni, makaa yamechoka, hajainuka. Patriki aliingia kutoka shambani, akanusa, akauliza, "Ya mzazi gani?"

"Wa Katesh."

"Nani kazaa Katesh?"

Marieta aliendelea kuyamimina kwenye dumu. Patriki alilitazama dumu, akamtazama mkewe, akatoka nje akakaa na kuku wake. Jumamosi Marieta alilipeleka dumu mwenyewe, na mwezi uliofuata akapeleka jingine, na jingine tena.

Mwili ukarudi. Mashavu yakarudi, na watu wakarudi pamoja na mashavu. "Mama Loveness, ulitutisha! Sasa umependeza." Kikombe kikaoshwa pamoja na vikombe vingine. Benchi likajaa. Theodory akarudi chumbani kwake. Na ndani ya kiatu, pasipoonekana na mtu, kidole kikafunguka upya, kikawa cheusi.

Walikikata kabla ya Pasaka. Daktari Gerald hakueleza kitu safari hiyo. Alimwuliza tu Bernadina amekuwa akila nini, na Bernadina akasema, "Nilitaka nionekane mzima." Daktari akaandika, akamwambia mguu bado uko kwenye hesabu, aanze upya kupungua au warudi kukutana chumba kilekile.

Basi Marieta alikwenda kumwona, na hata hospitalini, nisifiche, alihesabu mashuka na machungwa na wageni, akaona wingi wao, akaumia. Lakini usingizi ulikuwa umemtoroka. Kila alipofumba macho alisikia sauti yake mwenyewe mnadani ikisema sijui. Mdogo wake akikosa mguu, ataukosa kwa ajili ya neno lile. Na akijaribu kupungua tena, watu watasema yaleyale tena, na safari hii nani atawanyamazisha? Alikuwepo mtu mmoja tu aliyeweza.

Jumuiya ilisali nyumbani kwa Bernadina alipotoka hospitali. Sebule ilijaa. Bernadina alikuwa kwenye kochi, mguu juu ya kigoda, umefungwa bendeji. Mzee Basili, mwenyekiti, akasoma somo, akaimbisha wimbo, akauliza kama kuna mwenye nia ya kuombea. Marieta akasimama. Yeye hakuwa hata wa jumuiya ile.

"Mimi sina nia," alisema. "Mdogo wangu hana ugonjwa mliousema. Ana sukari. Nilikuwepo. Daktari alimwambia apungue, akapungua, kidole kilikuwa kinapona. Helena aliniuliza mnadani, nikasema sijui. Nilijua. Nilisema sijui kwa sababu nilimwonea wivu. Nimemwonea wivu tangu tukiwa watoto. Halafu akaja kuniomba mafuta ambayo daktari alimkataza, nikamkaangia. Sasa anatakiwa kupungua tena, na mkimwona anapungua msimseme. Mniseme mimi."

Helena akaangua kilio, akainuka, na wanawake wote wakainuka. Marieta alijikaza, akingoja watakalomfanyia. Wakampita. Walimpita kulia na kushoto, wakaenda kwenye kochi, wakamwangukia Bernadina, wakamshika mikono, wakamwomba msamaha, wakamfuta machozi, mmoja akaubusu ule mguu. Marieta akabaki peke yake katikati ya zulia. Na hapo, Mungu ni shahidi, ule wivu ukanyanyuka tena kifuani, mzima, kama haujaguswa. Hata toba yake imekwenda kumpa Bernadina mapenzi!

"Niacheni kidogo," Bernadina alisema, na wanawake wakasogea. Alikuwa haangalii bendeji wala wageni. Alimwangalia dada yake kwa jicho lilelile la jikoni.

"Nilijua, Marieta," alisema. Hakumwita dada. "Helena aliniambia jioni ileile ya mnada. Alisema, 'Hata dada yako anasema hajui.' Ndiyo maana nilipanda kuja kwako. Hukujiuliza? Katesh mafuta yanauzwa kila mahali."

Marieta alipiga hatua moja kuelekea kochi.

"Sikuja kwa ajili ya mafuta," Bernadina alisema. "Nilikuja ili unikatalie."